Joto ndilo adui: Jinsi ya kuipa prosesa ya kipakatalishi cha michezo kasi zaidi bila kuiharibu

Na MWANDISHI WETU

WENGI wanaonunua vipakatalishi vya michezo hukumbwa na mshangao wa aina moja. Mashine iliyowagharimu akiba ya miezi mingi huenda kwa kasi ya kupendeza katika dakika chache za kwanza za mchezo. Baadaye feni huanza kuvuma, kibodi hupata moto usiovumilika, na picha kwenye skrini huanza kukwama pale hasa adui anapojitokeza.

Hapo mwenye mashine hushawishika kufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huiuza kwa hasara akiamini kuwa imechakaa, au hutafuta mbinu za kuilazimisha prosesa ikimbie zaidi kwa kuiongezea umeme. Mara nyingi njia zote mbili huwa za kujutia.

Ukweli ambao huwashangaza wengi ni kwamba katika kipakatalishi, kasi ya kudumu hupatikana zaidi kwa kupunguza umeme kuliko kwa kuuongeza. Anayelielewa jambo hili anaweza kuifufua mashine yake bila kutumia pesa nyingi. Asiyelielewa anaweza kupoteza faili zake, dhamana ya mtengenezaji, na hata mashine yenyewe.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali iko hivyo, hatua za kufuata kwa utaratibu, na mahali ambapo mtu mwenye busara anapaswa kusimama.

Kwa nini prosesa hupata joto

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kilichosheheni swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa ya 4004, ambayo kampuni ya Intel iliizindua mwaka wa 1971, ilikuwa na transista 2,300. Prosesa za leo zina mabilioni ya transista katika eneo lisilozidi ukubwa wa ukucha kwa mbali.

Kila swichi inapowaka na kuzima hutumia chembe ndogo ya umeme. Karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Kasi ya prosesa hupimwa kwa gigahezi, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa kila sekunde.

Kiasi cha umeme kinachotumiwa na kazi hiyo hutegemea mambo matatu: muundo wa swichi zenyewe, idadi ya mapigo kwa sekunde, na volteji. Kati ya hayo, volteji ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, kwa sababu katika hesabu huzidishwa kwa yenyewe.

Tuchukue mfano. Prosesa inayotumia wati 60 kwa volti 1.10, ikiweza kufanya kazi ile ile kwa kasi ile ile kwa volti 1.00, itahitaji takriban wati 50 pekee. Volteji imepungua kwa asilimia tisa hivi, lakini matumizi ya umeme yamepungua kwa asilimia 17.

Kinyume chake ni cha kutisha. Prosesa hiyo ya wati 60 ikiongezewa kasi kwa asilimia 10, na ili istahimili kasi hiyo ikaongezewa pia volteji kwa asilimia 10, itatumia takriban wati 80. Mwenye mashine atakuwa amelipa theluthi moja zaidi ya joto ili apate sehemu moja tu ya kumi ya kasi.

Watengenezaji wenyewe walilipata funzo hili zamani. Mwaka wa 2004 Intel ilifikisha prosesa yake ya Pentium 4 kwenye kasi ya gigahezi 3.8, na Oktoba mwaka huo ikatangaza kuachana na mpango wa kuuza ile ya gigahezi 4. Joto lilikuwa limekuwa ukuta. Tangu wakati huo sekta nzima ilielekeza nguvu zake katika kuongeza idadi ya viini ndani ya prosesa moja badala ya kukimbiza kiini kimoja.

Kasi inayotangazwa si ahadi

Mwaka wa 2008, Intel ilileta teknolojia ya Turbo Boost katika prosesa zake za Core i7. Kampuni ya AMD nayo ikafuata na yake mwaka wa 2010. Kwa teknolojia hizi, prosesa hujipandisha kasi yenyewe pale inapoona kwamba kuna nafasi ya joto na umeme, kisha hushuka nafasi hiyo inapokwisha.

Kwa sababu hiyo, namba kubwa inayoandikwa kwenye kijikaratasi cha mauzo ni kilele wala si kiwango cha kila wakati. Prosesa ya Core i7-8750H ya mwaka wa 2018, ambayo ilitumika katika vipakatalishi vingi vya michezo, ina viini sita. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.2 na kilele chake ni gigahezi 4.1. Tofauti hiyo ni karibu mara mbili, na yote hutegemea jinsi mashine inavyoweza kuondoa joto.

Kuna vikomo viwili vinavyoizuia prosesa kukaa kileleni. Cha kwanza ni cha umeme. Mtengenezaji huweka idadi ya wati ambazo prosesa inaruhusiwa kutumia kwa muda mrefu, na idadi kubwa zaidi inayoruhusiwa kwa muda mfupi. Kwa prosesa za Intel vikomo hivi hujulikana kama PL1 na PL2. Ndiyo maana mashine huwa na kasi sana mwanzoni, kisha hutulia.

Kikomo cha pili ni cha joto. Kwa prosesa nyingi za vipakatalishi, mpaka huwa kati ya nyuzi 95 na 105 za Selisiasi. Ikifika hapo, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Huo ni ulinzi, si ubovu. Hata hivyo, kwa mchezaji matokeo yake ni picha zinazokwama.

Kisa kimoja cha mwaka wa 2018 kinaonyesha jinsi mipangilio inavyoweza kubadilisha mambo. Julai mwaka huo, watumiaji wa kipakatalishi kipya cha MacBook Pro chenye prosesa ya Core i9 waligundua kwamba mashine hiyo ilishuka kasi mno katika kazi nzito. Apple ilikiri kwamba kulikuwa na kasoro katika programu ya msingi inayosimamia joto, ikatoa marekebisho Julai 24. Chuma hakikubadilishwa, wala feni hazikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni maagizo tu. Ingawa ile haikuwa mashine ya michezo, kanuni ni ile ile.

Pima kabla ya kugusa chochote

Fundi mzuri hupima kwanza. Programu ya HWiNFO, ambayo hupatikana bila malipo kwa mfumo wa Windows, huonyesha joto la kila kiini, kasi yake, wati zinazotumika na volteji. Programu ya Cinebench huipa prosesa kazi nzito na kisha kutoa alama za kulinganisha. Toleo lake la R23, lililotolewa mwaka wa 2020, hurudia kazi kwa dakika 10 ili udhaifu wa kupoza ujitokeze.

Unganisha chaja iliyokuja na mashine, kwani kipakatalishi kinachotegemea betri pekee hujibana kwa makusudi. Iweke mashine juu ya meza ngumu, si kitandani. Kisha cheza mchezo wako wa kawaida kwa nusu saa huku programu ya vipimo ikirekodi.

Andika kwenye karatasi mambo manne: joto la juu zaidi, kasi ya wastani, wati za prosesa, na idadi ya picha kwa sekunde. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde huipa mashine chini ya sehemu 17 za elfu za sekunde kuandaa kila picha. Prosesa ikichelewa hata mara moja, jicho huona mkwamo.

Vipimo hivyo vitakuonyesha mojawapo ya hali tatu.

Hali ya kwanza ni joto kufika nyuzi 95 au zaidi huku kasi ikishuka. Hapo tatizo ni joto, na sehemu kubwa ya makala haya inakuhusu.

Hali ya pili ni joto kuwa la wastani, lakini kasi inashuka na wati zinaganda kwenye namba moja. Hapo kinachobana ni kikomo cha umeme. Kupunguza volteji kutasaidia hapa pia, kwa kuwa wati zile zile zitanunua kasi kubwa zaidi.

Hali ya tatu ni kasi ya prosesa kubaki juu na joto kuwa sawa, ilhali mchezo bado ni mzito. Hapo huenda kadi ya michoro ndiyo iliyolemewa. Kuichokonoa prosesa katika hali hii ni kupoteza wakati. Afadhali upunguze ubora wa vivuli na maumbo katika mipangilio ya mchezo wenyewe.

Usafi hutangulia ufundi

Mashine iliyotumika kwa mwaka mmoja au miwili huwa imekusanya vumbi kati ya mapezi membamba ya shaba ambako feni hupuliza hewa. Vumbi hilo hushikana likawa kama blanketi. Hakuna programu inayoweza kulishinda.

Joto la mazingira nalo lina usemi wake. Kipoza joto cha kipakatalishi hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi tano zaidi, prosesa nayo itapanda kwa takriban nyuzi tano, kazi ikiwa ile ile. Kwa hivyo mchezaji wa Mombasa, ambako joto hupita nyuzi 30 mara kwa mara, ana kazi kubwa zaidi kuliko mwenzake wa Nairobi. Hata hivyo, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ile ya pwani. Kila mmoja ana mzigo wake.

Hatua rahisi kuliko zote ni kuinua sehemu ya nyuma ya kipakatalishi kwa sentimita mbili au tatu ili feni zipate hewa. Vitabu viwili vinatosha, mradi visizibe matundu ya chini.

Hatua inayofuata ni kuifungua mashine na kuisafisha. Zima kabisa, ondoa chaja, kisha chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Zuia feni kwa kidole unapopuliza hewa ili isizunguke kupita kiasi. Panga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu mara nyingi hutofautiana urefu, na skrubu ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi.

Kati ya prosesa na shaba inayobeba joto huwa na pesti maalumu ya kupitisha joto. Kadiri miaka inavyopita, pesti hiyo hukauka au husukumwa pembeni. Kuifuta kwa spiriti safi na kupaka nyingine huweza kuishusha prosesa nyuzi kadhaa.

Lakini hapa pana hatari inayopaswa kutajwa waziwazi. Tangu mwaka wa 2019, ASUS ilianza kutumia metali ya majimaji badala ya pesti katika baadhi ya vipakatalishi vyake vya michezo, na watengenezaji wengine wamefanya vivyo hivyo katika mashine fulani. Metali hiyo ina galiamu. Hupitisha umeme, na ikigusa alumini huila. Tone moja likidondoka kwenye bodi linaweza kuiua mashine. Kwa hivyo hakikisha unajua kilichomo ndani kabla ya kufungua, na ikiwa ni metali ya majimaji, mwachie fundi aliyezoea.

Kupunguza volteji hatua kwa hatua

Prosesa mbili za jina moja zilizotoka katika kiwanda kimoja hazifanani kabisa. Moja inaweza kwenda gigahezi 4 kwa volteji ndogo kuliko nyingine. Kwa kuwa mtengenezaji hawezi kuipimia kila mashine kivyake kwa kila kazi, huweka volteji ya ziada ili hata prosesa dhaifu isiyumbe. Ziada hiyo ndiyo nafasi ambayo mtumiaji anaweza kuitwaa.

Kwa prosesa za Intel zinazoruhusu, programu zinazotumika zaidi ni ThrottleStop na Extreme Tuning Utility ya Intel yenyewe. Kwa baadhi ya mashine zenye prosesa za AMD, kazi hiyo hufanywa kwa kipengele kiitwacho Curve Optimizer, pale ambapo mtengenezaji wa mashine amekiacha wazi. Katika baadhi ya mashine mpya, mipangilio hii hupatikana moja kwa moja ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha tarakilishi.

Kabla ya kuanza, hifadhi nakala za faili zako mahali pengine. Volteji ndogo haiwezi kuiunguza prosesa, lakini inaweza kuifanya ikosee hesabu. Kosa hilo likitokea wakati faili inaandikwa, faili huharibika.

Kwa prosesa za Intel, anza kwa kupunguza milivolti 50 kwenye viini, na kiasi hicho hicho kwenye kashe ya prosesa. Fanya jaribio la Cinebench, kisha cheza mchezo kwa nusu saa. Mambo yakiwa shwari, punguza milivolti 10 nyingine na urudie jaribio.

Endelea hivyo mpaka mashine ianze kuonyesha dalili za kuyumba. Dalili hizo ni mchezo kujifunga ghafla, skrini kugeuka samawati, au mashine kuganda na kujizima. Ukiziona, usibishane nazo. Rudisha milivolti 10 au 20 na uifanye hiyo kuwa hatua yako ya mwisho.

Usiiamuru programu ijiwashe yenyewe pamoja na tarakilishi mpaka mipangilio hiyo iwe imedumu kwa siku kadhaa za matumizi ya kawaida. Sababu ni rahisi. Mipangilio mibaya ambayo haijawekwa kujiwasha hufutika mashine inapozimwa na kuwashwa. Iliyowekwa kujiwasha inaweza kukufungia nje ya mashine yako mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba mashine hukumbwa na misukosuko si tu inapolemewa bali pia inapopanda na kushuka kasi ghafla. Kwa hivyo prosesa inaweza kufaulu jaribio zito kisha ikakwama ukisoma barua pepe. Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai, na hapa ushauri huo unafaa kufuatwa neno kwa neno.

Baada ya kumaliza, rudia vipimo vya mwanzo na ulinganishe na karatasi yako. Mafanikio hayapimwi kwa joto pekee. Ikiwa prosesa ilikuwa inabanwa na joto, inawezekana kabisa joto libaki pale pale huku kasi ikipanda, kwa sababu nafasi iliyopatikana imetumiwa kuongeza mapigo.

Mlango uliofungwa

Huenda msomaji akafuata maagizo haya na kukuta kwamba sehemu ya volteji imefungwa. Si hitilafu. Desemba 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, pamoja na wenzao wa Graz nchini Austria na Leuven nchini Ubelgiji, walitangaza udhaifu walioupa jina la Plundervolt.

Walionyesha kwamba mshambulizi ambaye tayari ana mamlaka ya juu katika tarakilishi anaweza kushusha volteji kwa makusudi ili prosesa ikosee hesabu ndani ya eneo la siri liitwalo SGX. Kutokana na makosa hayo, aliweza kufichua funguo za siri zilizohifadhiwa humo. Mbinu ile ile inayompa mchezaji nafuu ikawa silaha.

Intel ilitoa marekebisho, na watengenezaji wengi wa vipakatalishi wakaifunga njia hiyo kupitia toleo jipya la BIOS. Baadaye baadhi yao walifungua tena katika mashine zao ghali za michezo. Ndiyo maana mashine mbili zenye prosesa moja zinaweza kutofautiana katika jambo hili.

Kuna wanaoshauri kurudisha BIOS ya zamani, au kuzima ulinzi fulani wa Windows, ili njia ifunguke. Mtu anayetumia mashine hiyo hiyo kwa shughuli za benki na kazi ya ofisi anapaswa kufikiri mara mbili. BIOS ya zamani hurudi pamoja na mianya mingine iliyokuwa imezibwa. Aidha, kazi ya kubadilisha BIOS ikikatizwa katikati, mashine inaweza kukataa kuwaka tena. Usiianze kamwe bila betri iliyojaa na chaja iliyounganishwa.

Punguza wati, upate picha

Aliyefungiwa njia ya volteji hajakosa yote. Bado anaweza kupunguza kikomo cha wati au kasi ya juu kabisa ya prosesa. Mwanzoni jambo hili huonekana kama kujinyima, lakini katika mashine ya michezo lina mantiki.

Katika vipakatalishi vingi vya michezo, prosesa na kadi ya michoro hutumia mabomba yale yale ya shaba kuondoa joto. Prosesa inayokimbia kupita mahitaji ya mchezo huichomea mwenzake. Zaidi ya hayo, tangu mwaka wa 2020 teknolojia za Dynamic Boost ya Nvidia na SmartShift ya AMD zimewezesha umeme usiotumiwa na prosesa kuhamishiwa kadi ya michoro katika mashine zinazoziunga mkono. Kwa michezo mingi, kadi hiyo ndiyo inayohitaji chakula zaidi.

Njia iliyo rahisi kabisa haihitaji programu ya ziada. Katika mipangilio ya umeme ya Windows kuna sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa, ambayo kwa kawaida huwa asilimia 100. Ikishushwa hadi 99, katika mashine nyingi za Intel prosesa huacha kupanda turbo na hubaki kwenye kasi ya msingi. Katika baadhi ya matoleo ya Windows sehemu hiyo imefichwa, lakini inaweza kurejeshwa.

Joto litashuka sana, na kelele za feni pia. Kwa michezo mizito kwa prosesa, idadi ya picha inaweza kupungua, kwa hivyo pima kabla ya kuamua. Wanaotaka njia ya katikati wanaweza kutumia ThrottleStop kuweka kikomo cha kasi kilicho chini kidogo ya kilele. Gigahezi 3.6 za kudumu huupa mchezo utulivu kuliko gigahezi 4.1 zinazopanda na kushuka kila dakika.

Vipi kuhusu kuongeza kasi?

Baadhi ya prosesa za vipakatalishi, zikiwemo zile za Intel zenye herufi HK na nyingi za HX, huruhusu kasi kuongezwa kupita kiwango cha kiwandani. Je, inafaa kufanya hivyo?

Hesabu ya wati 60 na 80 iliyotangulia inatoa jibu. Kwa tarakilishi ya mezani yenye kipoza joto kikubwa, wati 20 za ziada si kitu. Kwa kipakatalishi chenye unene wa sentimita mbili, wati hizo humrudisha mchezaji kwenye ukuta wa joto, na kasi aliyoiongeza hunyang'anywa papo hapo.

Isitoshe, volteji nyingi huzeesha prosesa. Mwaka wa 2024 dunia ilishuhudia jambo hili kwa macho. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuyumba na kuharibika, na kampuni hiyo ikabainisha kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volteji ya juu kuliko inavyofaa. Marekebisho yalitolewa Agosti na Septemba mwaka huo, na muda wa dhamana ukaongezwa kwa miaka miwili. Lakini Intel ilisema wazi kwamba marekebisho hayawezi kuponya prosesa iliyokwisha kudhurika.

Intel ilieleza kuwa prosesa zake za vipakatalishi hazikukumbwa na tatizo hilo. Hata hivyo, funzo linabaki. Volteji ndogo kupita kiasi huifanya mashine iyumbe, nawe unaweza kurudi nyuma. Volteji kubwa kupita kiasi huacha jeraha lisilopona.

Wakati wa kusimama

Kabla ya hatua yoyote, soma masharti ya dhamana. Watengenezaji wengine huruhusu mteja kufungua kifuniko ili kusafisha au kuongeza kumbukumbu. Wengine hukataa. Uharibifu uliosababishwa na mabadiliko ya kasi au volteji kwa kawaida haulipiwi. Mashine ambayo bado iko chini ya dhamana na inazidi kupata joto isivyo kawaida yafaa irudishwe kwa muuzaji badala ya kufanyiwa majaribio nyumbani.

Mwanafunzi anayetegemea mashine moja kwa michezo na kwa tasnifu yake, au mfanyakazi huru ambaye mkate wake unatoka humo, ana sababu ya kuchukua tahadhari maradufu. Kwake, milivolti 20 zisizotwaliwa ni bima ya bei nafuu.

Mpangilio unaofaa basi ni huu: pima, safisha, inua mashine ipate hewa, badilisha pesti ikihitajika, punguza volteji pale inaporuhusiwa, weka kikomo cha kasi pale isiporuhusiwa, kisha pima tena. Kuongeza kasi kupita kiwango cha kiwandani ni jambo la mwisho, na kwa wamiliki wengi wa vipakatalishi ni jambo la kuachwa kabisa.

Atakayefuata utaratibu huo huenda asipate namba kubwa ya kujivunia mbele ya wenzake. Atakachopata ni mchezo usiokwama hata baada ya saa mbili, feni zisizosumbua waliolala chumba cha pili, na mashine itakayodumu naye kwa miaka mingine kadhaa kabla ya kulazimika kurudi dukani.